Lango Lisilo na Ukuta

Ninauza mageti. Nasema mageti kwa sababu hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kusimama mbele ya karakana yangu pale Kirumba, Mwanza, akaniuliza bei ya lango. Wanauliza geti la bomba, geti la bati, geti la kufunguka pande mbili, geti lenye kidirisha cha mlinzi kuchungulia. Lango ni neno la vitabuni, la kanisani, na la watangazaji wa mpira. Fundi wangu wa kuchomelea ukimtajia lango atakuuliza nani kafunga, na dakika ya ngapi.

Aliyenifundisha kulitazama neno hilo mara mbili ni dada yangu. Alifundisha Kiswahili sekondari kwa miaka ishirini na sita. Nimehesabu upya, maana mara ya kwanza nilipata ishirini na tano, na yeye asingenisamehe mwaka mmoja. Hakuolewa, na hakuona kama jambo hilo linahitaji maelezo. Alikuwa na maboksi matatu ya viatu yaliyojaa kadi. Kila kadi ilikuwa na neno moja: juu neno lenyewe, chini yake maana, na chini kabisa sentensi ya mfano. Alisema siku moja zitakuwa kamusi ndogo ya wanafunzi wake. Kadi ya lango ilikuwa na maana nne, na mahali pa mfano palikuwa patupu.

Jumamosi alikuwa akija karakana, anakaa kwenye kiti changu, mimi nasimama.

"Mdogo wangu, nipe sentensi yenye lango. Wewe ndiye unayeyashika kwa mikono."

"Lango la futi kumi, bei maelewano."

"Hilo tangazo."

"Basi andika: lango hili ni imara."

"Hata mlango wa choo unaweza kuwa imara. Sikiliza. Ukitoa neno kwenye sentensi ukaweka jingine, na sentensi ikabaki imesimama vilevile, ujue lile neno halikuwa na kazi pale. Lilikuwa limekaa tu, kama mimi kwenye kiti chako."

Fundi akacheka. Mimi nikasema sentensi nzuri ina gharama yake, nami sikopeshi. Akasema atangoja. Kungoja alikuwa anakujua.

Maana tatu za kwanza alikuwa ameziandika kwa kalamu ya wino. Mlango mkubwa wa kuingilia mji, ua au jengo la heshima. Goli, kwenye mchezo wa mpira. Mahali pa kupitia kwenda nchi au eneo jingine, kama wanavyosema kwenye hotuba. Hii ya tatu ilikuwa inamkera. Alisema sisi wakazi wa Mwanza tumeitwa lango la Kanda ya Ziwa, lango la biashara, lango la nchi jirani, mpaka mtu unajiuliza kama kuna yeyote anayekaa ndani au wote tunapita tu. Maana ya nne aliiandika kwa penseli, kwa sababu hakuikuta kwenye kamusi yoyote bali aliitoa kichwani mwake: mahali ambapo mtu hupokelewa au hukataliwa.

Aliwafundisha wanafunzi wake hivyo. Katika hadithi za zamani na katika tenzi, aliwaambia, shujaa hasafiri siku arobaini afike mlangoni. Anafika langoni. Hapo kuna mlinzi, kuna swali, kuna kusubiri. Mlangoni mtu anapita akiwa anatafuna muhogo. Kwa hiyo ukiandika lango, weka mtu nje anayengoja, au weka mtu ndani aliyetoka kumpokea. Kama huna wa kumweka, andika mlango, tuendelee na hadithi.

Wanafunzi walidhani hayo ni mambo ya mtihani. Mimi nilijua yametoka wapi, maana siku yenyewe nilikuwapo.

Sisi ni watu wa ng'ambo ya ziwa, upande wa Busisi. Dada alipochaguliwa kwenda shule ya bweni ya wasichana huku mjini, mama alituchukua wote wawili, tukavuka na kivuko. Yeye alikuwa na miaka kumi na minne, mimi minane. Mama alivaa malapa na kitenge chake cha kanisani, na kwapani alikuwa na kuku wa kumpa mwalimu mkuu, kwa sababu hatukujua namna nyingine ya kumkabidhi mtu mtoto wako. Geti la shule ile lilikuwa la chuma, la kijani, refu kuliko nyumba yetu. Mlinzi alikuwa kijana ambaye angeweza kuwa mtoto wa kwanza wa mama. Hakumwamkia. Alimtazama miguuni, akatazama kuku, akasema:

"Mwanafunzi aingie. Mzazi asubiri nje."

"Nina mzigo wa mwalimu, baba," mama akasema.

"Asubiri nje na mzigo wake."

Tulikaa nje ya geti lile tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Magari kumi na moja yaliingia yakiwa na wazazi ndani. Niliyahesabu yakiingia, nikayahesabu tena yakitoka. Nadhani tabia yangu ilianzia pale. Mama hakukaa chini. Alikuwa akimhamisha yule kuku kutoka kwapa la kulia kwenda la kushoto, kisha kumrudisha. Dada alikuwa anaona yote hayo kutoka kwenye baraza ya bweni, anapanga godoro na kuchungulia. Alipotoka kuja kuaga, kuku alikuwa bado kwapani. Mama alimpa mlinzi, akamwambia, "Mpelekee mwalimu mkuu, baba." Nina mashaka na safari ya yule kuku mpaka leo.

Mama hakulalamika. Ila tangu siku ile hakuingia tena getini. Dada alipokuwa mwalimu alipewa nyumba za shule, shule moja baada ya nyingine, zote zenye uzio, na katika miaka yote ile mama hakuona hata jiko la binti yake. Akija mjini alifikia kwangu, kwenye vyumba viwili vya kupanga ambavyo mlango wake hata kufunga ni mpaka uuinue kwa bega. Akitaka kumwona dada, tulikwenda naye mpaka nje ya shule, anasimama upande wa pili wa barabara, ananituma nimwite.

"Mama, ingia basi. Walinzi wa hapa ni watu wema."

"Nitakaa hapahapa. Huku kuna hewa."

Dada alitoka, akapiga magoti pembeni ya barabara, mbele ya bodaboda na watu, akamwamkia mama. Kisha wakakaa kwenye jiwe na kuzungumza. Kwa nje ungesema ni mtu na mama yake wanapumzika. Dada aliniambia kila mara akirudi ndani alikuwa anahesabu hatua kutoka kwenye lile jiwe mpaka mlangoni kwake. Kumbe ugonjwa wa kuhesabu haukuwa wangu peke yangu.

Hatimaye alipata kiwanja Usagara, ndani kidogo kutoka njia panda, mahali pa wazi penye mawe na majani ya mbuzi. Watu huanza na msingi. Wengine huanza na choo, angalau fundi apate pa kwenda. Dada yangu alianza na nguzo mbili za lango. Za mawe, nene, ndefu kupita mtu mzima, zimesimama peke yake mbele ya kiwanja kitupu. Kushoto kwake hakuna ukuta, kulia hakuna ukuta, nyuma hakuna nyumba. Zilikuwa kama mtu aliyevaa tai kabla ya shati.

"Dada, kwa hivi vitu unalinda nini?"

"Silindi. Napokea."

Siku ya kwanza kupeleka vifaa nilikuwa na mfuko wa saruji begani. Nikapita pembeni, njia fupi. Akaniita.

"Rudi. Ingia."

"Nina saruji, dada."

"Ingia na saruji."

Nikarudi hatua kumi na mbili, nikapita katikati ya nguzo, mafundi wananicheka. Jirani yake, mzee mmoja mfugaji, alikuja kutazama maajabu. Alikuwa na fimbo, kofia ya majani na ng'ombe wengi kuliko maneno, lakini siku hiyo maneno aliyapata.

"Mwalimu, mbuzi wangu kapita kushoto ya lango lako. Kuna adhabu?"

"Shikamoo mzee. Hana kosa. Hapo pembeni ni njia ya mbuzi. Watu wanapita katikati."

"Marahaba. Na ng'ombe je?"

"Ng'ombe tutaangalia na adabu yake."

Mzee alicheka mpaka akaegemea fimbo. Tangu siku hiyo kila alipokuja kumsalimia alizunguka, akavua kofia, akapita katikati ya nguzo. Mwanzoni alifanya kwa utani. Baadaye sikuweza kusema kama bado ni utani.

Dada alinieleza mpango wake mara moja tu, tukiwa tumekaa juu ya rundo la tofali. Nyumba ikipata paa, atamwalika mama. Mama atashuka kwenye gari hapa nje. Yeye atakuwa amesimama kule ndani ya nguzo, atapiga magoti, atasema shikamoo. Mama ataitikia, ndipo atapiga hatua. Hapo basi. Hakukuwa na pilau kwenye mpango, hakukuwa na kwaya. Nilimwuliza kama hiyo tu ndiyo sababu ya mawe yote haya. Akasema hiyo tu.

Paa lilipanda. Dari haikuwapo, madirisha mawili yalikuwa ya turubai, lakini alihamia. Mwezi wa sita akaniambia sasa anamwita mama. Na hapo ndipo niliingiza mdomo wangu.

Nilimwambia subiri. Nilimwambia itakuwa aibu, mtu anauza mageti Mwanza nzima halafu mama yake apokelewe na nguzo tupu. Nipe muda nichomelee geti la maana, la pande mbili, lenye maua ya chuma juu. Tuinue na ukuta kidogo, hata tofali tano kila upande.

"Mwezi wa saba," akasema.

"Wa tisa."

"Wewe unapunguza au unaongeza?"

"Napatana."

Hiyo ndiyo kazi yangu, kutaja mbali ili tukutane katikati. Tulikutana mwisho wa mwezi wa nane. Nilitoka pale nimefurahi kama niliyepata bei nzuri. Sikujua nilichokuwa napatana ni nini.

Geti nililichomelea kweli. Lilisimama karakana, limepakwa rangi ya kwanza, na fundi wangu alikuwa ameongeza ua moja la chuma kwa hiari yake. Katikati ya mwezi wa nane akaja mteja mwenye haraka, gari lake la mzigo linanguruma nje, akaliona. Futi kumi, pande mbili, ndilo hasa alilokuwa analitafuta, na hakuomba hata kupunguziwa. Mtu ambaye haombi kupunguziwa hunichanganya akili. Nikamwuzia. Nikajiambia nitachomelea jingine wiki ijayo. Dada nikampigia simu kwamba fundi anaumwa.

"Mwambie pole," akasema.

Alijua. Mtu aliyesahihisha insha miaka ishirini na sita anajua mahali mwandishi alipodanganya. Hakunisema. Tukasogeza mpaka mwezi wa kumi, naye akampigia mama kumwalika na kumweleza atakavyompokea.

Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba tangu mwezi wa saba. Alisema ni kusimama darasani. Mwezi wa tisa alilazwa, na walipotuita kutueleza habari za figo zake, daktari alizungumza taratibu kama anayetafuta maneno mepesi. Nilikuwa nakwenda asubuhi na jioni. Kitanda chake kilikuwa cha nne kutoka dirishani, na kutoka mlangoni kilikuwa cha tano. Alikuwa na redio ndogo chini ya mto. Siku hizo redio hazikuchoka kulizungumzia daraja jipya la Kigongo na Busisi, namna watu wanavyovuka bila kungoja kivuko.

"Andika," aliniambia siku moja. Sauti ilikuwa imepungua, lakini ualimu ulikuwa palepale. "Tangu asubuhi wamesema lango la uchumi mara sita. Hakuna aliyesema nani amesimama kumpokea nani."

"Mara saba, dada. Moja ulisinzia."

Alicheka, kisha akashika mbavu.

Mama alitaka kuja. Alinipigia kila siku kwa simu ya jirani. Dada akakataa.

"Hapa kuna geti. Kuna walinzi na saa za kuona wagonjwa. Watamsimamisha nje na mfuko wake. Asinikute huku. Nitatoka, aje kwangu, kama tulivyopanga."

"Dada, mimi nitamshika mkono, nitampitisha."

"Wewe lete geti," akasema, akafumba macho.

Sikumbishia. Mimi ambaye nabishia hata chenji ya gazeti. Alifariki siku ya tisa tangu alazwe, asubuhi, wakati wa kubadilisha shuka, na mama alikuwa upande wa pili wa maji, anafua kitenge cha safari.

Ndugu wa upande wa baba walitaka tumpeleke kuzikwa nyumbani ng'ambo. Walizungumza sana kwenye simu, zikapita simu nyingi, mpaka mama akasema neno moja tu: aachwe kwake. Kwake kulikuwa Usagara. Tukachimba nyuma ya nyumba, karibu na migomba michanga aliyoipanda mwaka ule.

Mama alifika kabla ya gari la marehemu, kama saa sita mchana, kwenye gari la kukodi pamoja na shangazi wawili na binamu zetu. Walivuka juu ya daraja. Shangazi mmoja alisema mama alitazama maji njia nzima, akasema tu, "Leo hayakunisubirisha." Walishuka barabarani. Wengine wakapita pembeni ya nguzo, njia fupi, kwenda kwenye turubai na viti vya plastiki. Mama alikuja mpaka mbele ya nguzo, akasimama.

Safari hii hakuwa na kuku.

"Mama, ingia ndani upumzike," wanawake wa jumuiya ya kanisani walimwambia.

"Mwenye nyumba hajafika."

Wakatazamana. Mmoja akajaribu kwa upole. "Mama, mwenye nyumba ndiye… ndiye tunayemngoja."

"Najua mnachongoja. Nami nangoja hichohicho. Msibani mtu haalikwi, hapa mimi nilialikwa."

Walimletea kiti, akakaa nje ya nguzo, upande wa barabara, jua limemkabili. Nilisimama kando yake. Nilikuwa na miaka minane tena, isipokuwa magoti yanauma. Nilihesabu watu waliokuwa wakiingia: sitini na watatu. Nikahesabu tena, kwa sababu nilitaka kukosea. Wote walikuwa wamepita pembeni. Hawakuwa na nia mbaya. Pembeni palikuwa pamekanyagwa na mbuzi, pakawa njia, na njia ikiwapo watu huifuata. Kama ningekuwa nimeinua zile tofali tano kila upande, wasingepita. Kama ningetundika geti, wangeuliza pa kuingilia. Nguzo zile zilisimama katikati ya watu sitini na watatu, na hakuna aliyeziona ila sisi wawili.

Wa tatu alikuwa yule mzee mfugaji. Alikuja na fimbo yake, akazunguka kwa mbele, akavua kofia, akapita katikati. Akarudi kwa njia ileile, akasimama karibu yetu.

Gari la marehemu likatokea njia panda na vumbi lake. Dereva alipofika mbele ya nguzo alipunguza mwendo, akaona ile njia pana ya pembeni iliyojaa nyayo, akakata usukani kushoto. Mzee alikuwa amekwisha kuondoka kando yetu. Sijui magoti yale aliyatoa wapi. Alisimama katikati ya njia ya pembeni, ameilaza fimbo mbele yake kama kizuizi cha barabarani.

"Mzee, pisha, tuna marehemu," dereva alisema, ametoa kichwa dirishani.

"Naona."

"Basi pisha."

"Hapa ni njia ya mbuzi. Mwalimu mwenyewe alisema."

Watu walianza kuinuka kwenye viti. Binamu mmoja akasema mzee wa watu amechanganyikiwa. Nilimwambia dereva arudi nyuma, apite katikati.

"Kaka, hizo nguzo zimebana. Nitakwaruza gari la watu."

"Futi kumi. Nimezipima mara mbili."

"Kwa macho yangu ni nane."

"Macho yako hayana alama za futi." Kisha nikaona nabishana na mtu futi mbili juu ya mwili wa dada yangu, na kwamba nikimwachia nafasi tutapatana, tutakutana mahali fulani katikati, kama kawaida yangu. Nikasema, "Acha gari hapo. Tutambeba."

Tukafungua nyuma. Tulikuwa sita, watatu kila upande. Mimi nilishika mbele kulia. Tulizunguka mpaka mbele ya nguzo, tukapita karibu na kiti cha mama, tukaingia katikati. Tulipita sita sambamba na jeneza, na bado palibaki nafasi kila upande. Futi kumi zilikuwa futi kumi. Hatua tatu ndani nikasema, "Hapa." Wenzangu wakasita, kwa kuwa meza ilikuwa imeandaliwa chini ya turubai, na katekista aliyekuja kuongoza ibada alishatazama saa. Nikasema tena, hapa. Mzee mfugaji aliburuta mabenchi mawili mwenyewe. Tukamweka dada yangu ndani ya lango lake, amekabili nje.

Mama aliinuka. Alijifunga kitenge vizuri, akafuta vumbi kwenye viatu. Akatembea mpaka usawa wa nguzo, akasimama palepale ambapo, kwa mpango wa juu ya tofali, alitakiwa kusimama. Watu wakasogea karibu, hata wale ambao hawakujua wanasogelea nini.

Nilijua kilichokuwa kinatakiwa kusemwa, na nani wa kukisema. Nilifikiri labda mimi nikiseme kwa niaba yake. Ni neno moja, nalisema kila siku kwa wateja wazee hata nisiowapenda. Halikutoka.

Mama hakumtazama mtu mwingine. Alingoja muda ule ambao neno moja huchukua kutoka mdomoni mwa mtu aliyepiga magoti. Kisha akaitikia.

"Marahaba, mwanangu."

Akapiga hatua, akaingia.

Alikaa katika nyumba ile siku kumi na moja. Alipika kwenye jiko ambalo hakuwahi kuliona, akakosoa rafu zilivyowekwa juu sana. Kila alipokwenda kuteka maji alipita katikati ya nguzo, akirudi na ndoo vilevile. Wanawake waliokuja kumfariji wakaanza kumfuata, na ile njia ya pembeni ikaanza kuota majani. Siku ya kuondoka nilimwambia nitaleta geti wiki hiyohiyo, nimeshakata bomba, safari hii haliuzwi.

"La nini?" akasema.

Bomba zile zipo karakana mpaka sasa, zimeegeshwa ukutani. Wateja wakiziuliza nasema zina mwenyewe.

Maboksi ya viatu nilichukua mimi. Ni maboksi matatu. Kadi sijazimaliza kuzihesabu, maana kila nikifika kati nasoma badala ya kuhesabu. Ile ya lango niliipata kwenye boksi la pili. Maana ya nne bado ilikuwa ya penseli; nikaipitia kwa wino, taratibu, juu ya mwandiko wake, mkono ukifuata mahali mkono wake ulipopita. Kisha nikakaa na ule mstari mtupu kwa Jumamosi kadhaa. Niliandika sentensi ndefu, nikazifuta, karatasi ikaanza kuwa nyembamba.

Mwisho nimeandika: Mama amefika langoni. Nilijaribu kutoa lile neno na kuweka jingine, kama alivyonifundisha. Sentensi haikusimama. Ni maneno matatu. Nimeyahesabu mara mbili. Hayapungui.